Soksi za Baba

"Makubadhi vueni," anasema kijana wa zamu,
redio kiunoni, chunusi mbichi shavuni.
Baba anavua. Anabaki na soksi za kijivu,
ya kushoto ina tundu, kidole gumba kinachungulia
kama mtoto dirishani siku ya wageni.
Naona haya. Nina miaka arobaini na minne
na bado naona haya.

Treni hii haina sakafu.
Reli iko juu, sisi chini yake,
tumetundikwa wanne wanne,
vifua vimebanwa kwa pingu nene ya mpira,
na jukwaa la kituo, tuliloliamini,
linazama polepole, bila kuaga.

Wanaiita Popo.
Popo si ndege, si mnyama,
nami sasa hivi si mzima, si mgonjwa.
Ni mimi niliyemshawishi. Tiketi nimelipa mimi.
"Twende, Baba, tangu mazishi hujatoka,"
nilimwambia jikoni kwake, Gelsenkirchen,
mvua ikipiga bati la kibanda cha njiwa.
Akasema njiwa wana njaa.
Akasema tena. Kisha akatafuta kofia.

Mnyororo unashika: ka, ka, ka, ka.
Tunapanda, magoti yakitazama mawingu.
Chini, maegesho, moshi wa viazi vya kukaanga,
mbali kidogo dohani zisizotoa moshi tena,
na kile kilima cheusi cha kifusi cha mgodi,
siku hizi kimeota nyasi, watu wanakipanda Jumapili na mbwa wao.
"Kile," anasema, akinyoosha kidole cha mguu,
"nilikitoa chini mimi. Mimi na Jupp Wieczorek."
Sijui nicheke au vipi.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.
Kileleni mnyororo unatuachia.
Kimya. Pumzi moja ya kimya.

Halafu
dunia inaangukia juu.
Tumbo limebaki nyuma, linakuja mbio, halijanifikia,
mti unapita kando ya sikio,
anga liko chini ya nyayo, nalikanyaga, halikanyagiki,
kitanzi, na kitanzi tena, kisha tunasokotwa kama parafujo,
damu inakimbilia vidoleni, inarudi kichwani,
haikumbuki kwao ni wapi.
Nimemwita Mungu. Nimemwita Mama.
Mama ndiye aliyekuwa karibu zaidi.

Kando yangu, sauti.
Analia, nawaza, nimemuua mzee wa watu.
Nageuza shingo, upepo unairudisha, nageuza tena:
anacheka.
Kinywa wazi, meno ya bandia kayashika kwa ulimi,
machozi yanamtiririka kuelekea masikioni.

Breki. Tunasimama tukining'inia.
"Lifti yetu ilitudondosha hivi kila alfajiri," anasema,
"mita mia tisa. Ila gizani.
Na mwanamume hakupiga kelele."
Miaka thelathini na moja ya kelele, basi,
ameimaliza yote leo kwa dakika mbili.

Anatazama safu ya miguu inayobembea,
raba, visigino vilivyochubuka, soksi zake.
"Unaona? Kama suruali zetu."

Naona. Nilikuwa na miaka sita, alinipeleka mara moja
kwenye ukumbi mrefu wa kubadilishia nguo:
suruali mia tatu zimevutwa hadi darini kwa minyororo,
tupu, zikingoja wenyewe watoke ardhini.
Nilimshika mkono nikauliza watu wake wako wapi.
Hakunijibu siku ile. Au alijibu, mashine zikammeza.

Jukwaa linapanda, linagusa nyayo.
Kidole gumba chake kinalipapasa kwanza
kama cha mtu anayeonja maji ya kuoga.

Foleni ni dakika hamsini.
Yeye keshatangulia, makubadhi mkononi,
soksi zinachota vumbi,
na njiwa, kwa mara ya kwanza tangu Februari,
watasubiri.